Luther na Rozari ya Bibi

Bibi yangu mzaa baba alifariki nikiwa kidato cha tano. Tulimzika kijijini, kati ya Dongobesh na Haydom, wilaya ya Mbulu. Alizaliwa Hanang, akabatizwa Mkatoliki akiwa binti, akaolewa na babu ambaye alikuwa Mlutheri, na tangu hapo akawa anasali kwenye kanisa la mume wake. Miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akibishana mambo ya madhehebu. Ila asubuhi ya maziko, akina mama waliomwosha na kumvika walikuta rozari chini ya mto wake, ya shanga za mbao zilizolainika kwa kushikwa.

Shangazi akataka bibi awekewe mkononi. Mzee mmoja wa ukoo, mtu wa kanisa sana, akakataa katakata. Kwa maelezo yake, Luther alishamwondoa Maria kanisani miaka 500 iliyopita, na yeye hawezi kukubali arudishwe kupitia jeneza la mama wa Kilutheri. Ubishi ulichukua zaidi ya saa nzima, wageni wamekaa juani. Mwisho jeneza likafungwa bila rozari. Ndugu wa bibi waliotoka Katesh walitupa udongo kaburini, wakapanda gari bila kugusa chakula cha msiba, wakarudi kwao kwa barabara ya Basotu. Hadi leo hawajakanyaga kwetu.

Nilipofika chuoni nikakuta ubishi uleule umehamia kwenye vimbweta. Watu wa USCF na wa TMCS wakikaa pamoja, wakimaliza habari za mpira na za boom, lazima wafike kwa Maria. Na kila mara jina la Luther linatajwa. Anayemsifu na anayemlaumu wote wanasema jambo moja: ndiye aliyemfukuza Maria. Semesta iliyopita, kwenye kozi ya historia ya elimu, tulimgusa Luther kwa sababu mwaka 1524 aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani wafungue shule za wavulana na wasichana. Nikaona nitumie nafasi hiyo kufuatilia maisha yake yote, nikiwa na swali langu moja tu: huyu mtu mwenyewe aliishije na Maria? Nilichokikuta si kile nilichokisikia msibani, wala si kile cha kwenye vimbweta.

Kijana aliyemwita Maria

Martin Luther alizaliwa Novemba 10, 1483 katika mji wa Eisleben, Saksonia, sehemu ya Ujerumani ya leo. Kesho yake akabatizwa, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, akapewa jina hilo. Baba yake, Hans, alitoka kwenye familia ya wakulima, akaingia kwenye kazi ya madini ya shaba huko Mansfeld, akapanda kidogo kidogo. Alitaka mwanawe awe mwanasheria. Wengi wetu humu tunamwelewa mzee huyo, maana na sisi tumeuziwa ng'ombe ili tufike hapa.

Mwaka 1501 Luther aliingia Chuo Kikuu cha Erfurt. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwaka 1505 akapata shahada ya uzamili, akaanza sheria kama baba alivyotaka. Lakini ndani yake kulikuwa na hofu. Kwenye picha za makanisa ya wakati ule Kristo alichorwa mara nyingi kama hakimu, ameketi juu ya upinde wa mvua, anagawa watu. Luther aliwahi kusimulia utu uzimani kwamba alikua akimwogopa Kristo huyo. Kwa hiyo alifanya kama walivyofanya wengi wa kizazi chake: alipita kwa mama.

Hilo halihitaji kuelezwa sana kwetu. Mtoto akihitaji ada ya shule na baba ana uso wa mawe, anaanzia jikoni. Mama anasikiliza, mama anachagua saa nzuri, mama anaenda kusema. Watu wa Ujerumani ya karne ya 15 walimfahamu Maria kwa namna hiyo hiyo. Wachimba madini, watu wa kazi ya baba yake Luther, walikuwa wakimwita pia Mtakatifu Anna, mama yake Maria. Yaani ukoo mzima wa kupitia.

Siku moja Luther akiwa bado mwanafunzi, akiwa safarini kwenda nyumbani, upanga aliokuwa ameubeba ulimkata mguuni, ukagusa mshipa mkubwa. Damu ikatoka kwa nguvu. Mwenzake akakimbilia mjini kutafuta daktari, naye akabaki amelala, amebana jeraha, akimwita Maria amsaidie. Usiku kidonda kikafumuka tena, akamwita Maria tena. Akapona. Miaka mingi baadaye, akiwa mezani na wanafunzi wake, alikumbuka tukio hilo na kukiri kwamba kama angekufa usiku ule, angekufa amemtegemea Maria.

Kisha ikaja Julai 2, 1505. Alikuwa anarudi chuoni kutoka nyumbani, radi ikapiga karibu naye jirani na kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu ya kufa akamlilia Mtakatifu Anna, akaahidi kuwa mtawa. Tarehe hiyo, kwenye kalenda ya kanisa ya wakati huo, ilikuwa sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti. Siku 15 baadaye akabisha hodi kwenye nyumba ya watawa Waaugustino hapo Erfurt. Baba yake akakasirika sana.

Ukisoma hapo unaona kitu kimoja wazi. Mtu tunayeambiwa alimfukuza Maria alianza safari yake akiwa ndani ya mikono ya Maria na mama yake Maria.

Mtawa, mwalimu, mkorofi

Hofu haikuisha kwa kuvaa joho la utawa. Luther alifunga, alikesha, aliungama dhambi mpaka wasimamizi wake wakachoka. Mwaka 1507 akapewa upadri, na mwaka 1512 akawa daktari wa teolojia na mwalimu wa Biblia katika chuo kipya cha Wittenberg. Ni kwenye kufundisha, hasa Zaburi na Waraka kwa Warumi, ndipo alipopata pumzi. Alielewa kwamba haki ambayo Mungu anaidai ndiyo ileile Mungu anayoitoa bure kwa anayemwamini Kristo. Kristo aliyekuwa hakimu akageuka kuwa zawadi.

Yaliyofuata yanajulikana, nayapita haraka. Oktoba 31, 1517 alitoa hoja 95 kupinga biashara ya vyeti vya msamaha. Ubishi ukapanda hadi Roma. Mwaka 1520 Papa Leo wa 10 akatoa hati ya kumwonya, na Desemba 10 ya mwaka huo Luther akaichoma moto hadharani. Januari 1521 akatengwa na kanisa. Aprili mwaka huo akasimama mbele ya Kaisari Charles wa 5 mjini Worms, akakataa kufuta maandishi yake.

Sasa, katikati ya miezi hiyo, mtu anayetafutwa na Papa na Kaisari alikuwa anaandika nini mezani kwake? Alikuwa anaandika kitabu kuhusu wimbo wa Maria.

Kitabu cha mwaka 1521

Alikianza mwishoni mwa mwaka 1520. Safari ya Worms ikakikatiza. Baadaye watu wa mtawala wa Saksonia wakamteka kwa mpango wa kumwokoa, wakamficha katika ngome ya Wartburg, akafuga ndevu na kujifanya askari wa farasi. Huko ndiko alikokimalizia. Kinafafanua mstari kwa mstari wimbo ambao Injili ya Luka inasema Maria aliuimba nyumbani kwa Elizabeti, ambao Wakatoliki na Waluteri wengi wanaujua kwa jina la Magnifikati.

Humo Maria si malkia aliyevikwa dhahabu. Ni msichana maskini wa kijijini ambaye hakuna mkubwa aliyekuwa anamjua jina. Luther anasema ajabu yenyewe iko hapo, kwamba Mungu alimtazama mtu ambaye hakuna mwingine angemtazama. Anamwonyesha, baada ya malaika kuondoka, akirudi kwenye shughuli zake: kukamua ng'ombe, kupika, kuosha vyungu, kufagia. Hakujitangaza kijijini wala hakubadilisha mwendo. Nilipofika kwenye ukurasa huo nikasimama kusoma, nikamkumbuka bibi, maana nimemwona alfajiri nyingi akitoka na kibuyu cha maziwa akiwa tayari ameshasali.

Luther anasisitiza kwamba ukimsifu Maria mpaka ukasahau kilichomfanya awe mkuu, umemdhulumu. Ukuu wake wote ni kazi ya Mungu, na yeye mwenyewe katika wimbo ule anaelekeza kidole kwa Mungu. Lakini papo hapo anamwita Mama wa Mungu bila kusita, na anasema ndani ya jina hilo kuna heshima kuliko ambayo binadamu anaweza kuieleza. Tena mwanzoni na mwishoni mwa kitabu anataja maombezi ya Maria kama jambo la kawaida. Hiyo ni mwaka 1521, miezi kadhaa baada ya kutengwa na Roma.

Mahali alipofunga mlango

Hapa wenzangu Wakatoliki wasishangilie mapema, maana hakuishia hapo.

Mwaka uliofuata, 1522, mahubiri yake yalibadilika. Alizipinga nyimbo maarufu zilizomwita Maria malkia wa huruma, uzima na tumaini. Hoja yake haikuwa kwamba Maria hastahili kusifiwa. Hoja ilikuwa kwamba majina hayo ni ya Kristo, na mtu akizoea kumpa mama majina ya mwana, mwisho atamkimbia mwana. Katika kitabu chake cha sala cha mwaka huohuo aliacha Salamu Maria ibaki, ila akafundisha kwamba ile si sala ya kuomba kitu. Ni kumsifu Mungu kwa alichomtendea Maria. Mwaka huo pia Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kijerumani likatoka. Kwenye salamu ya malaika hakuandika kwamba Maria amejaa neema. Alitumia neno la kawaida la Kijerumani linalomwita binti aliyependezwa na Mungu. Wapinzani wakamshambulia, na mwaka 1530 akaandika waraka mzima kutetea namna yake ya kutafsiri.

Ubishi huo tunao hata kwa Kiswahili, ingawa wengi hatujautambua. Mkatoliki akisali Salamu Maria anamtaja Maria kuwa amejaa neema. Mlutheri akifungua Biblia ya Union, Luka sura ya 1, anakuta Maria amepewa neema. Kujaa na kupewa. Watoto wawili wa nyumba moja, kama baba yangu na binamu zake wa Katesh, wanakua na vitenzi viwili tofauti, kisha wanakutana msibani.

Msimamo wa Luther ukawekwa rasmi na wenzake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lililoandikwa na rafiki yake Philipp Melanchthon, linasema watakatifu wakumbukwe ili tuige imani yao, lakini Maandiko hayafundishi kuwaomba msaada, kwa kuwa mpatanishi ni Kristo peke yake. Katika utetezi wa ungamo hilo Melanchthon alikubali hata kwamba Maria anaweza kuwa analiombea kanisa huko aliko. Alichokataa ni sisi kumgeukia kana kwamba ndiye anayetupatanisha na Mungu.

Ukirudi kwenye mfano wa ada ya shule, Luther hakuwa na ugomvi na mama aliyeko jikoni. Ugomvi wake ulikuwa juu ya baba. Aliuliza, kwa nini mtoto amwogope baba kiasi cha kushindwa kubisha mlango wake? Ni nani aliyetuambia Kristo ana uso wa mawe? Mtu aliyewahi kuvuja damu barabarani akimwita mama kwa sababu mwana alimtisha, alikuwa anaongea kwa jambo alilolipitia.

Na Mkatoliki ana jibu lake, lazima lisemwe kwa haki. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu tu, na Maria hupewa heshima, siyo ibada ya Mungu. Kumwomba Maria atuombee, wanasema, ni kama mimi kumwomba rafiki yangu wa chumbani aniombee nikiwa na mtihani. Kifo hakikati ushirika wa waliomo ndani ya Kristo. Mlutheri atauliza imeandikwa wapi kwamba walio mbinguni wanatusikia. Hapo ndipo tofauti yenyewe ilipo. Ni tofauti ya kweli, siyo maneno tu. Ila ni nyembamba kuliko ilivyoonekana pale msibani.

Alichokiacha mahali pake

Orodha ya vitu ambavyo Luther hakuviondoa ndiyo iliyonishangaza zaidi. Alishika mafundisho ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431, ule uliomkataa Nestorius na kuthibitisha kwamba Maria aitwe Mama wa Mungu. Mwaka 1539 aliandika kitabu kuhusu mitaguso na humo akalitetea jina hilo. Aliamini Maria alibaki bikira maisha yake yote. Mwaka 1523 alipozushiwa kwamba anapinga ubikira wa Maria, alijibu kwa kitabu. Aliendelea kuhubiri kwenye sikukuu za Maria ambazo ziko katika Injili: Februari 2, Machi 25 na Julai 2. Zile za kuzaliwa kwake na kupalizwa kwake mbinguni ziliachwa polepole, kwa kuwa hazina habari katika Maandiko. Na kanisa la mjini Wittenberg alilohubiria kwa miaka mingi liliitwa kanisa la Mtakatifu Maria. Hakulibadilisha jina, na hadi leo linaitwa hivyo.

Tukumbuke pia kwamba mambo mawili tunayoyapigania zaidi vimbwetani yalikuwa bado hayajatangazwa Luther alipokuwa hai. Fundisho la Maria kukingiwa dhambi ya asili lilitangazwa na Papa Pius wa 9 mwaka 1854, na la kupalizwa mbinguni mwili na roho na Papa Pius wa 12 mwaka 1950. Watu waliamini na kubishana juu yake muda mrefu kabla, ndiyo, lakini Luther hakuwahi kukataa fundisho la lazima ambalo halikuwepo.

Sitaki kumpaka mafuta. Mwaka 1525, wakulima maskini walipoasi, aliandika maneno makali ya kuwahimiza watawala wawapige, na maelfu waliuawa. Mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi, akataka masinagogi yao yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Moja ya sababu alizozitoa ni kwamba wanamtukana Kristo na mama yake. Yaani heshima kwa Maria, ambaye alikuwa mama wa Kiyahudi, ikageuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia ndugu zake Maria. Karne ya 20 Wanazi waliyatumia maandishi hayo. Makanisa ya Kilutheri yenyewe yameyakana. Nayaweka hapa kwa sababu yananihusu: hata mtu anayesema anamtetea Maria, au anayesema anamtetea Kristo, anaweza kuishia kumwumiza aliye mbele yake.

Baba pembeni ya kitanda

Juni 1525 Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Walipata watoto sita. Elisabeth alikufa akiwa mchanga mwaka 1528. Magdalena aliugua mwaka 1542 akiwa na miaka 13.

Luther alipiga magoti karibu na kitanda, akilia, akamwomba Mungu moja kwa moja. Alimwuliza binti kama yuko radhi kubaki na baba yake wa hapa na pia kwenda kwa Baba wa kule, na binti akakubali kile Mungu atakachopenda. Akafia mikononi mwa baba yake. Hakuna aliyemwita Maria katika chumba kile, na hakuna aliyesimulia kwamba Luther alijiona amepungukiwa. Naye mwenyewe alipofariki, Februari 18, 1546, akiwa Eisleben mji aliozaliwa, na umri wa miaka 62, sala zake zilielekea kwa Mungu Baba kupitia Kristo. Yule kijana wa Erfurt ambaye angekufa akimtegemea Maria alikufa akimtegemea mwana wa Maria. Kwake hiyo haikuwa kumtupa mama. Alikuwa amefika mahali ambapo mama mwenyewe alimwelekeza.

Kutoka Wittenberg hadi Mbulu

Sasa ubishi huu ulifikaje kwetu? Ulikuja na watu. Miaka ya 1940 Wapallotini kutoka Ireland walikuwa wanajenga misheni za Kikatoliki Mbulu, na jimbo la Mbulu likawa dayosisi Machi 25, 1953, siku Papa alipounda majimbo ya Tanganyika. Ndiyo, Machi 25, sikukuu ya malaika kumpasha Maria habari, ileile ambayo Luther aliendelea kuihubiria. Waluteri wa Norwe nao walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Waairishi walitoka katika nchi ambako familia hupiga magoti jioni na rozari mkononi. Wanorwe walitoka katika uamsho wa walei, wenye sala fupi za moyoni na Biblia mezani. Kila upande ulileta Injili pamoja na desturi za nyumbani kwao, na sisi tulipokea vyote kwa pamoja bila kutenganisha.

Na hatukuwa mikono mitupu. Kabla ya makanisa yote mawili, Wairaqw walimwomba Looaa, na katika lugha yetu Looaa ni wa kike, anahusishwa na jua, ndiye mwema. Anayetisha ni Netlangw wa majini. Wazee walisali slufay, mmoja akiongoza kwa maneno marefu ya baraka na waliokaa wakiitikia. Bibi alikulia katika hayo. Mtu aliyezoea sala ya kuongozwa na kuitikiwa, akapewa rozari, hakuona kitu kigeni. Sidhani alikuwa amechanganya dini. Nadhani alikuwa anasali kwa sauti aliyoizoea.

Oktoba 31, 1999 Wakatoliki na Shirikisho la Waluteri Duniani walitia saini mjini Augsburg tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, jambo lenyewe lililomfanya Luther agombane na Roma. Suala la Maria bado liko mezani. Lakini kama waliokubaliana juu ya lile kubwa wanaweza kuendelea kuongea, kwa nini ukoo mmoja ushindwe?

Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa na kupata kipaimara, na baada ya kusoma yote haya bado siombi kupitia Maria. Katika hilo nimekubaliana na Luther. Nadhani na yeye asingeisali rozari ile, hakupenda sala za kuhesabiwa kana kwamba wingi wake ni malipo. Kwa hiyo siwezi kurudi nyumbani nikamwambia yule mzee kwamba Luther angeiweka mkononi mwa bibi. Ninachoweza kumwambia ni kwamba alitumia jina la Luther kufunga mlango ambao Luther hakuufunga. Luther alikataa Maria awekwe mahali pa Kristo. Hakukataa ashikwe kwa upendo, wala hakuwahi kufundisha kwamba mama aliyekamua ng'ombe na kufagia nyumba ya Kilutheri miaka yote hiyo avuliwe kitu alichokishika alipokuwa anaomba usiku.

Rozari yenyewe shangazi aliihifadhi. Likizo hii nikitoka kufundisha kwa majaribio nitapita kwake niichukue, halafu nipande gari la Katesh. Naenda kuwarudishia ndugu wa bibi mali ya dada yao, na kuwaomba waje wale chakula cha msiba walichokiacha. Nitamwomba na yule mzee tuongozane. Akikataa nitaenda mwenyewe, ila nitamwachia nakala ya gazeti hili.